Kitambi cha Kanga

Jumapili, 13 Julai. Uyole.

Nimevaa sweta tatu kanisani. Moja juu ya nyingine, kisha koti. Baridi ya Julai inaruhusu. Nilitoka nyumbani nikiwa mtu mwenye mwili, nina furaha. Mahubiri yakawa marefu. Jasho likaanzia masikioni. Wakati wa sadaka nikaona mabenchi yanazunguka. Wazee wawili wakanishika kwapani wakanitoa nje, na mama mmoja wa kwaya akasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba maskini, homa imerudi. Homa gani! Ilikuwa sufu tu.

Niandike wazi. Mwezi wa tatu utumbo ulijisokota. Nikapasuliwa, nikashonwa, nikaishi kwa uji. Daktari anasema nimepona kabisa na mwili utarudi taratibu. Mwili haujapata habari. Kitambi changu, nilichokilea tangu nikiwa karani wa mizani ya malori, kimekwenda. Maisha yangu yote kazini nimekamata waliozidisha uzito, leo nimepungukiwa mimi. Watu wananiuliza naumwa nini hasa. Hilo “hasa” linauma kuliko mshono.

Hayo ningevumilia. Tatizo ni Tupokigwe, au Tupo kwa kifupi, binti yangu wa pekee. Jumamosi hii tunamfanyia send-off, sherehe ya kumuaga, hapa Uyole. Jumamosi inayofuata anaolewa Iringa na kijana anaitwa Jofrey, kisha anahamia Mlandege, hukohuko Iringa, moja kwa moja. Juzi nimemsikia akimwambia mama yake kwamba akiona baba bado anapungua, atamwomba Jofrey wasogeze harusi hadi Desemba, abaki aniuguze. Mtoto aahirishe maisha yake kwa sababu ya mbavu zangu? Haiwezekani. Lazima ninenepe kabla ya Jumamosi.

Jumatatu, 14 Julai.

Kwa fundi Othmani kujaribu suti. Alinipima Februari, enzi zangu. Nikaingia ndani ya koti, nikawa mpangaji wa chumba kimoja kwenye jumba la ghorofa. Othmani ni mstaarabu, hakucheka. Akasema mzee wangu, tuipunguze: mabega yaingie, kiuno kibanwe kidogo, tutafute shati la kola ndogo ili shingo isielee, utapendeza mpaka ushangae. Nikamkataza kugusa hata uzi. Suti haina kosa. Mwenye kosa ni mimi, na nitarekebishwa. Akaniagizia chai.

Jioni shemeji yangu Crispin, mdogo wake Esnath mke wangu, akafika kutoka Tukuyu. Kitambi chake kiliingia kwanza, yeye akafuata. Akanisalimia, akanitazama, akasema kwa upole kwamba kama bado nimechoka, yeye kama mjomba anaweza kusimama meza kuu ampokee binti kwa niaba yangu. Kwa upole! Nikamjibu ndaga fijo, asante sana. Kisha nikaingia chumbani nikapiga mto ngumi.

Ndipo nikautazama ule mto vizuri.

Jumanne, 15 Julai.

Mto umeniangusha. Asubuhi ulikaa safi chini ya shati. Nikajiona kwenye kioo, nikamkumbuka yule bwana niliyekuwa. Nikaenda zangu sokoni. Mama wa viazi akapiga makofi, akasema mzee umerudi! Nilitaka kumkumbatia. Nikainama kuchagua viazi. Nilipoinuka mto ulikuwa umehamia mgongoni. Mama wa viazi akaanza kupanga nyanya ambazo si zake.

Kibaya zaidi ni getini. Tupo alinijia mikono wazi, kama anavyonipokea tangu akiwa mdogo. Angegusa mto. Nikarudi nyuma, nikampa mkono kama mjumbe wa nyumba kumi. Akaniuliza kuna nini, tata, yaani baba. Nikasema baridi. Akaangalia chini. Sikujisikia vizuri siku nzima.

Alhamisi, 17 Julai.

Nimepata!

Esnath ana sanduku la bati. Tangu Tupo yuko sekondari, mama yake ananunua kanga mpya na kuziweka humo, kwa siku hii moja. Kina mama watazitandika toka mlango wa ukumbi hadi meza kuu, binti apite juu yake bila kukanyaga sakafu. Zimejaa hadi mfuniko haukubali. Nani atajua?

Ufunguo uko kwenye kopo la majani ya chai. Nimechukua za chini. Unajizungushia moja, unakaza, unaongeza nyingine. Tumbo linakuwa la mviringo, laini, halihami. Nikiinama linainama. Nikikohoa linatikisika kiungwana. Kwenye sanduku nikajazia magazeti na blanketi kuukuu ili uzito ubaki uleule. Hayo nilijifunza kwa madereva wa malori. Ni kweli wote niliwakamata, lakini wao hawakuwa makini.

Nikavaa suti. Imenikaa! Esnath akaingia, akasema Baba Tupo, umependeza leo, akanisogelea. Nikarudi nyuma. Akasema siku hizi ameolewa na mwanamume wa kurudi nyuma, akatoka. Nitamweleza yote baada ya harusi. Au nisimweleze.

Ijumaa, 18 Julai.

Crispin amelibeba sanduku hadi ukumbini, na njia nzima alijisifu jinsi lilivyo zito. Nikampongeza. Nimefurahi moyoni kuliko inavyompasa mzee wa kanisa.

Tupo hakugusa chakula. Alikaa ananiangalia nikila. Nikaongeza ugali, nikaongeza tena, nikacheka kwa sauti. Akaondoka mezani. Kesho akimwona baba yake kaijaza suti, atatulia.

Jumapili, 20 Julai.

Jana sikuandika. Nilikuwa na kazi ya kushika suruali.

Ukumbi ulijaa. Mimi meza kuu, nimelijaza koti, kifungo kinafungika kwa shida. Mzee Clement, baba yake Jofrey, Mhehe mmoja mpole sana, akanisalimu kamwene na kuniambia amefurahi kuona nina afya. Crispin alinitazama tumboni kwa mashaka. Nikampa tabasamu la mtu aliyeshiba.

Muziki ukaanza. Tupo akatokea mlangoni. Nimeona watu wengi wazuri katika maisha yangu, lakini huyu nilimbeba mwenyewe toka hospitali. Kina mama wakafungua sanduku, wakaanza kutandika na kupiga vigelegele. Kanga ya njano, kanga ya bluu, binti anapita. Walipofika katikati ya ukumbi, Esnath akaingiza mkono sandukuni akatoa gazeti.

Akatoa gazeti lingine. Akatoa blanketi. Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Esnath akamgeukia Crispin, maana ndiye aliyebeba, na macho aliyomtolea sitaki nitolewe mimi. Crispin akaapa kwa kaburi la mama yao. Mimi nikanywa maji.

Mtu akataka kuokota zilizokwisha kupitwa. Shangazi yake Jofrey akasimama, akasema kwao kanga iliyokanyagwa hairudiwi mbele ya bibi harusi. Sijui kama ni kweli. Alivyosema, hakuna aliyebisha. MC akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba njia imekatika, na baadhi ya wageni wakacheka.

Tupo alikuwa amesimama kwenye kanga ya mwisho, na viatu vile virefu. Mbele yake sakafu tupu. Hakumtazama mama yake wala Jofrey. Alinitazama mimi, kama siku ile aliyokwama juu ya ukuta wa jirani. Na njia yake yote ilikuwa tumboni mwangu.

Ningeweza kukaa kimya. Crispin alikwisha kupata lawama, na mimi nilikuwa mnene, mbele ya ukoo mzima wa Iringa.

Nikasimama. Nikavua koti. Nikachomoa shati, nikashika ncha ya kanga ya juu, nikavuta. Ilikuwa imekaza, ikabidi nizunguke mwenyewe. MC akadhani nacheza, akaongeza sauti ya muziki. Nikazunguka, ikatoka ya kijani. Nikazunguka, ikatoka ya zambarau. Kina mama walipoelewa wakapiga kelele ambazo sijawahi kupigiwa. Esnath alikuwa anazipokea, anatandika, analia na kunitukana kwa Kinyakyusa, yote pamoja. Kila kanga ikitoka nilikuwa napungua, na yeye Tupo anasogea.

Ya mwisho ilipotoka, suruali ikaanza safari. Nikaidaka. Crispin, yuleyule niliyemwachia lawama, akapita nyuma yangu akaishika kiunoni kwa mikono miwili, akanong'ona kwamba nimpokee mtoto, hapa yupo yeye. Hakucheka hata kidogo.

Tupo akafika. Sikuwa na pa kurudi nyuma. Akanikumbatia, na nikasikia vidole vyake vinashikana mgongoni mwangu. Akasema tangu azaliwe mikono yake haijawahi kukutana huko nyuma, kitambi kilikuwa kinazuia. Akalia. Akasema wiki nzima alijua ugonjwa umerudi na ninamficha, kwa sababu nilikuwa namkwepa. Alikwisha kuamua kwamba baada ya send-off atamwambia Jofrey wasubiri. Nikamwambia nilitaka aende bila kugeuka nyuma. Akanibana tena, akazipapasa mbavu zangu mojamoja, akasema zipo zote, na ni imara. Akasema sasa ataondoka.

Nililia mbele ya wageni wote, na shemeji amenishika suruali.

Nimewaomba radhi Esnath na Crispin. Crispin amesamehe. Esnath amesema atafikiria, lakini usiku alinisogelea, na sikurudi nyuma.

Ijumaa, 25 Julai. Iringa.

Tumefika. Baridi kali. Esnath alimpelekea Othmani suti bila kuniuliza, na Othmani ameipunguza alivyotaka. Mabega yamekaa, kiuno kimekaa, kola ndogo. Nimejaribu mbele ya kioo cha gesti. Esnath alinitazama, akasema nimefanana na kijana aliyemfuata kisimani miaka ile. Tupo amekuja kutusalimia, amenikumbatia mara mbili, vidole vimekutana, anacheka. Kesho namtoa kanisani. Ninaomba miguu inibebe, maana moyo hautasaidia.

Yote yalikuwa mazuri hadi saa kumi. Mzee Clement akapita kutukaribisha. Akanitazama juu hadi chini, akasema kwa furaha kwamba suti hii imenitoa vizuri, nimekuwa mwepesi kabisa!

Mwepesi.

Kesho kuna mpiga picha. Picha itatundikwa sebuleni Mlandege, wajukuu wataikuta hapo. Waulize yule mwepesi ni nani?

Nimetoka kidogo, nimewaambia nanunua dawa ya mswaki. Nimenunua taulo mbili kubwa za kuogea. Kwa kuwa suti yangu sasa haina nafasi, nimemwomba Crispin aniazime koti lake la akiba. Amekubali, mradi mara hii asibebe kitu chochote.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Mpango wenyewe haukuwa mbaya. Kosa lilikuwa kanga. Taulo hakuna mtu anayemtandikia bibi harusi.