Mapozi Amepata Jiko

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Siku mbaya! Nimepeleka habari yangu ya bomba kuu la maji lililopasuka. Mitaa minne haina maji, na ufa nimeupima kwa rula yangu mwenyewe. Mhariri hakufika hata aya ya pili. Akasema maji hayaimbi. Ukurasa wa mbele amepewa Manukato, mwenzangu wa dawati la burudani, kwa habari kwamba Mapozi, yule mwanamuziki, amenyoa ndevu. Picha mbili, kabla na baada! Kisha mhariri akatangaza kuwa nisipoleta habari ya staa kufikia Alhamisi, nahamia matangazo ya vifo. Manukato akanipa pole, meno yote nje.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Nimejibanza nje ya saluni anakonyolewa Mapozi, saa tatu nzima. Nimeambulia mafua. Nikamhoji kinyozi. Akasema ndevu zilikuwa ndevu tu. Hana msaada kabisa mtu huyu.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Nimeula! Shemeji, mdogo wake mke wangu, anaendesha gari la duka la vyombo vya nyumbani. Amepita kwetu mchana kula, akasema kwa kinywa chake kwamba Mapozi amepata jiko. Jeupe, limetoka ng'ambo, na yeye mwenyewe amelisindikiza mpaka mlangoni. Ameoa! Kwa siri! Sikungoja shemeji amalize kutafuna. Mke wangu aliniita nirudi niulize vizuri kwanza. Wivu tu huo. Nimeandika maneno mia nane na kutia chumvi kidogo: bibi harusi ni mpole, na alilia kwa furaha.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Ukurasa wa mbele! Jina langu ni kubwa kuliko hali ya hewa. Manukato amenuna, hata chai hakugusa. Raha yangu ilidumu mpaka saa nne. Saa nne akaingia mchumba wa Mapozi pamoja na shangazi yake, wakitaka kujua huyo mweupe wa ng'ambo ni nani. Shangazi akanikamata tai. Nikampigia shemeji. Akashangaa: jiko ni la gesi, lina hata oveni. Nilitamani ardhi inimeze! Mapozi naye akapiga simu, wala hana hasira, anaomba tu tutaje wimbo wake mpya. Mhariri akatoa toleo la pili lenye picha ya jiko. Limekwisha mitaani kabla ya saa nane. Ameandika Manukato! Mimi, vifo.

Jumamosi, tarehe 8 Machi
Dawati la vifo liko jirani na choo, lakini lina dirisha. Nimeapa: kuanzia leo ni ukweli mtupu, na kuuliza vizuri. Asubuhi amekuja mama mmoja mjane na tangazo la mumewe, fundi saa. Nikampa pole ya dhati. Nikatazama anwani. Mtaa mmoja na Mapozi! Nikamuuliza, kwa heshima zote, kama wawili hao walifahamiana. Akasema hapana, ila marehemu alikuwa akizima redio kila Mapozi alipoanza kuimba.

Ugomvi! Nimeandika kichwa cha habari: "Fundi Saa Afariki Bila Kupatana na Mapozi." Jumatatu mhariri mwenyewe atakuja kunirudisha ukurasa wa mbele.