Jinsi Nilivyomtuliza Okumu wa Reli

Wenzangu, leo nimejiaibisha mbele ya Voi nzima. Wacha niwaandikie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnajua kanisa linatafuta mtu mmoja wa kwenda Uingereza miezi sita, akajifunze ukasisi wa zimamoto na ambulensi: kazi ya kukaa na majeruhi na kumtuliza mpaka afikishwe hospitali. Mnajua pia ninavyoitaka safari hiyo. (Baridi ya huko nimeshaanza kuiota. Koti nimeshaazima.) Basi leo asubuhi mchungaji Mwingereza, mwenye kauli ya mwisho, alikuja kunipima kwa mazoezi pale stesheni.

Majeruhi wetu alikuwa jirani yangu Okumu, anayefanya kazi ya reli. Walimpaka rangi nyekundu mguuni, wakamlaza chini. Kazi yangu ilikuwa ndogo: nikae naye, nimtulize, machela ije. Basi!

Lakini nilipomwona pale, jua limemwangukia, vumbi jekundu limemeza viatu vyake, moyo ukanifurika. (Huu ndio ugonjwa wa sisi tunaoandika riwaya.) Nikamfunika uso kwa leso yangu, jua lisimchome. Nikamshika mkono. Nikaomba. Kisha, sijui nani alinituma, nikaanza kuimba. Na wimbo ulionijia ni ule tunaouimba kaburini tu.

Nyinyi mwawajua watu wetu. Nani wa milima yetu ya Mbololo atasikia wimbo wa mazishi apite tu? Akina mama waliokuwa wakienda sokoni walitua vikapu, wakanipokea kwa sauti ya pili. Tamu ajabu! Nikafumba macho.

"Ni nani?" mmoja akanong'ona.

"Okumu wa reli."

"Uwii! Na jana alinisalimia!"

Okumu akanivuta shati. "Bwana, hawa watu wanalia."

"Tulia, baba. Umeumia."

"Sijaumia mimi! Waambie..."

"Usiseme sana," nikamnong'oneza, nikashika ubeti wa tatu.

Kumbe mtu ameshapanda baiskeli kupeleka habari landi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Kufika ubeti wa tano, mkewe, Mama Akinyi, akatokea mbio, kiatu kimoja mguuni, unga wa mandazi mikononi.

"Yawa! Baba Akinyi! Umeniachia nani?"

Okumu akaketi wima, leso ingali usoni. "Mama Akinyi, niko!"

Sijawahi kuona stesheni ikibaki tupu upesi hivyo. Waimbaji, wapita njia, hata wabeba machela waliokuwa ndio wanafika, wote mbio! Mbali na sisi wawili na mchungaji, aliyebaki ni Mama Akinyi. Akainama, akavua kile kiatu chake kimoja. (Kwa ajili yangu.)

"Wewe! Unamzika mume wangu saa nne asubuhi, hata chai hajanywa!" Pa! Pa!

Mchungaji alingoja kwa adabu mpaka nikamaliza kupigwa, kisha akauliza tulikuwa tukiimba nini. Nikamweleza. Akaandika kwa muda mrefu sana. Halafu akatia sahihi.

Ninaenda, wenzangu! "Sijawahi kukutana na mtu," akasema, "anayehitaji mafunzo haya kama wewe."

Chekeni basi, ila chekeni chini chini. Hivi ninavyoandika, watu wangali wanateremka kutoka milimani na kuni na ndizi za matanga, na Okumu ameketi mlangoni pake akiwapokea mmoja mmoja: "Karibuni. Asanteni kwa kuja. Marehemu ni mimi."