Muhuri Mgongoni mwa Nzi

Idara ya Utambuzi wa Nzi Jambazi inayo furaha kuutangazia umma kwamba, kuanzia sasa, hakuna nzi atakayetambuliwa kabla ya kugongwa muhuri.

Mkurugenzi aliona jambo hilo limechelewa mno. Hawa ni nzi wanaonyakua wadudu wenzao hewani na kuwafyonza, kisha wanaingia ofisi ya serikali hivihivi tu. Mtaalamu wake, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alikuwa akiwapanga kwa jenasi, yaani koo zao, kwa kuangalia bonde lililo kati ya macho, ndevu za usoni na miiba ya miguu. Mkurugenzi hakuwa na ugomvi na ndevu. Ila ndevu hazina saini.

Basi akawagonga mwenyewe mezani kwake, trei baada ya trei, kwa moyo mkunjufu na mkono mzito.

"Bosi," mtaalamu alisema, "sasa ndevu ziko wapi?"

"Andika unachokiona, mama."

"Naona kitu bapa. Cha zambarau. Kina maandishi ya duara mgongoni."

"Ushawahi kuona jenasi ya namna hiyo?"

"Mimi? Sijawahi."

Mkurugenzi akaketi taratibu. Maisha yake yote alitamani kitu kiitwe kwa jina lake, hata kichochoro. Jioni hiyo taarifa ya jenasi mpya, yenye jina lake, ikapelekwa kwa Waziri. Mtaalamu alitia saini huku akiuma midomo.

Waziri alikuja na kamera. Akasifu weee, kisha akauliza, "Na anapatikana wapi?"

Mkurugenzi akatazama dirishani.

"Ameonekana mahali pamoja tu, Mheshimiwa," mtaalamu akasema. "Juu ya meza ya bosi."

"Basi meza hiyo ni hifadhi," Waziri akasema, na chumba kikafungwa papo hapo. Makazi ya kiumbe adimu hayakanyagwi. Mkurugenzi alikuwa na neno la kusema, lakini neno hilo lingempokonya nzi wake. Akalimeza.

Siku hizi anafanyia kazi kwenye benchi la wageni, jirani na choo. Kiyoyozi chake kinawapuliza nzi. Kila asubuhi huchungulia kwenye tundu la ufunguo, akakiona kiti chake, roho ikamuuma. Mtaalamu, mwenye kibali, huingia kuwakagua.

"Vipi, mama, wanaongezeka?"

"Wataongezekaje, bosi? Mzazi wao yuko nje."