Mjusi Ndani ya Chandarua cha Mama Anastasie

Jumatatu, 6 Oktoba 2003
Nitaandika yote humu, hata yanayoniaibisha. Mwalimu Jérôme ametufundisha kwamba mjusi ana malaria yake, isiyomdhuru mtu. Kijidudu chake hukua ndani ya mbu wa aina fulani; kwa aina nyingine hufia tumboni. Atakayeleta mbu wa aina mbili walionyonya mjusi mmoja atakwenda na Mwalimu kituo cha afya kutazama kwa mikroskopu. Mtu mmoja tu! Gracieuse, jirani yangu wa dawati, ameandika kichwa cha somo kwa wino mwekundu, kana kwamba amekwisha kushinda.

Jumanne, 7
Mjusi: ukutani jikoni. Mbu kumi na wawili, nimewakamata kwa glasi: sita wanaotua kitako juu, sita wanaotua bapa. Mama Anastasie, aliyekimbia vita kijijini Bule na sasa analala sebuleni kwetu, amenikopesha chandarua chake siku tatu; nimewafungia humo mjusi na mbu. Kwa malipo namchotea maji. Watoto wake watalala chini ya changu. Mimi nitalala bila chandarua.

Jumatano, 8
Mbu: sifuri. Mjusi: mnene. Nimeandika kwamba aina zote mbili huingia ndani ya mjusi kwa usawa. Mwalimu amesoma, akakohoa. Gracieuse ameniambia, "Weye ulipikia mujusi, Musoki."

Ijumaa, 10
Jana risasi upande wa uwanja wa ndege. Shule ikafungwa saa nne. Nilipata muda wa kukamata mbu wengine na kumfunga mjusi mdomo kwa uzi. Leo uzi upo. Mjusi hayupo. Gracieuse alimtia wake ndani ya soksi, mkia nje ili mbu waunyonye. Ameshinda. Chandarua nimekirudisha.

Jumanne, 21
Homa siku mbili. Baba amenipeleka kituo cha afya, wakanitoboa kidole. Mara Mwalimu akaingia na Gracieuse; risasi zilikuwa zimewachelewesha hadi mbu wake wakaoza. Ili Gracieuse asirudi bure, laborante, yule mpimaji wa damu, amemwonyesha damu yangu kwa mikroskopu. Mimi benchini, na blanketi. Ametazama muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Vidudu yako iko mingi, Musoki. Na iko mizuri."

Alhamisi, 23
Dawa chungu. Nimetafakari kosa langu: mjusi alikuwa mdogo mno. Kaka yangu Paluku ameona kenge mtoni. Mama Anastasie amefua chandarua, kiko kwenye kamba. Barua kwa Mwalimu, Paluku anaipeleka sasa hivi: je, kenge mzima anaenea ndani ya chandarua cha mtu mmoja? Tafadhali nijibu kwa mkono wa Paluku, kabla chandarua hakijaanuliwa.