Lenzi ya Rangi ya Chai

Jumatatu, 8 Juni

Nina lenzi mbili sasa! Moja ilikuja na kamera. Nyingine nimeipata mnadani, kuukuu, nzito kama mchi, kioo chake rangi ya chai kavu. Bi Maimuna wa Kihonda anamwoza binti yake Pili Jumamosi na hajachagua mpiga picha. Ni mimi au Stambuli wa studio. Stambuli ananiita Mama Pasipoti, eti najua picha za pasipoti tu. Nikiipata harusi hii, jina hilo nalizika.

Jumanne, 9 Juni

Nimepiga vitu vilevile kwa lenzi zote mbili: nyanya, shuka jeupe, Mwanvita wangu mkekani. Lenzi ya kamera: nyanya nyekundu, kivuli cheusi, mlimani unahesabu hadi matuta ya mboga. Kamasi za mwanangu nazo zipo. Lenzi kuukuu: kivuli kahawia, milima kama iko nyuma ya mvuke wa sufuria, shuka kama limechovywa asali. Mwanvita anang'aa, utamla! Baba yake, Abeid, kauliza kama mtoto anaumwa manjano. Mume wangu hana jicho la sanaa.

Jumatano, 10 Juni

Nimempiga picha Bi Maimuna mwenyewe. Lenzi ya kamera saa sita, jua la utosi. Ile kuukuu saa kumi na moja, jua limelainika. Nikamwambia ile ya kwanza ndiyo mtindo wa Stambuli. Kaangalia makunyanzi yake, kanisukumia kamera. Kaangalia ya pili, kaniita mwanangu. Kazi nimepata!

Jumamosi, 13 Juni

Abeid kanisihi nibebe lenzi zote. Ya kamera nimeiacha kabatini, isije ikanitia majaribuni. Harusi imefana. Sare ya kwa Bi Maimuna njano, ya wakwe kutoka Dumila nyeupe. Nimepiga picha mia nne. Mama Pasipoti marehemu!

Jumapili, 14 Juni

Balaa. Pichani wote wamevaa njano. Bi Maimuna kauliza wakwe wako wapi. Nikamwonyesha: huyu, yule, na wale kumi na watano. Akasema hao wana sare yake, na watu watasema Pili kaolewa na mtu asiye na ndugu. Kisha mama wa bwana harusi kapiga simu, akauliza kwa ukali ni lini amehamia ukoo wa Bi Maimuna.

Wamevaa upya wote wapigwe tena, na joto lile. Picha kapiga Stambuli. Mimi nikamshikia mwamvuli. Kaniuliza, Mama Pasipoti, mkono haujachoka? Nyeupe yake ilikuwa nyeupe, lazima nikiri.

Jumatatu, 15 Juni

Mwanvita kanichekea asubuhi, huzuni kwisha. Nimepita mnadani, basi tu. Kuna lenzi nyingine, kioo chake kibuluu kabisa! Na nimesikia mama wa bwana harusi anaoza binti Julai, sare yao buluu. Si ana kinyongo kwamba nilimpunguzia watu? Kwa lenzi hii watajaa uwanja mzima.

Nimeinunua. Abeid sijamwambia bado.