Suruali ya Kitambaa cha Pazia

Jumatatu, 3 Juni

Kwako Sindano,

Jana jioni tulijazana kwa Kinyozi kutazama makala ya televisheni kuhusu matende. Mwanamume mmoja, mguu wa kulia umevimba kama gunia la mkaa. Akasema mguu si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba hakuna suruali inayomwingia, na huwezi kwenda kusali umejifunga shuka la kitandani. Fundi Viatu, jirani yangu wa baraza, akalia kwa sauti na kupenga kamasi kwa taulo la Kinyozi. Mimi sikulia. Unajua sijalia tangu siku tuliyokuzika.

Kinyozi alisema Mungu huwapima watu. Fundi Viatu akasema Mungu hana haja ya mbu ili ampime mtu. Wanaopimwa ni sisi tuliokaa tunatazama. Watu wakatikisa vichwa kama wamehubiriwa. Ndipo mdogo wako, ambaye siku hizi anasafisha vidonda vya wagonjwa wa zahanati, akasema mtu kama huyo yupo nyuma ya soko. Dereva mstaafu. Miaka miwili hajavuka kizingiti chake. Jumamosi binti yake wa pekee anaolewa, na mzee ameshasema ataisikilizia harusi dirishani.

Nikafungua mdomo niseme nitamshonea suruali. Mdomo umejaa karanga! Kabla sijameza, Fundi Viatu kasimama, anasema atamtengenezea viatu. Makofi. Kinyozi akamwita mtu wa Mungu. Karanga zikanikwama.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata mpango. Sadaka bora ni ya siri. Hilo Fundi Viatu hakulikumbuka alipokuwa anajitangaza. Mimi nitashona kimyakimya, niweke mlangoni, niondoke. Kisha nigunduliwe. Siri isiyogunduliwa inamfaa nani? Ndani ya kiuno nitatia ile lebo yenye jina la kibanda chetu. Kwa kusahau.

Kikwazo: vipimo. Nikienda kumpima Dereva, siri imekufa. Mchana nikaenda kwa Kinyozi, nikamwomba arudie makala, maana aliirekodi. Nikamwambia asimamishe picha pale pale mguuni. Nikatoa futi na chaki. Akauliza nafanya nini. Nikasema nataka kununua televisheni, nakagua ukubwa. Kwenye kioo kulikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi, inanuka rangi ya viatu. Nikaifuta kwa kiwiko, sikuijali.

Mguu ulikuwa mpana mara mbili ya kichwa cha mwenyewe. Nikarudi nyumbani, nikapima kichwa changu, nikazidisha kwa mbili. Hesabu safi. Na wewe hukuwahi kuniamini kwenye hesabu.

Jumatano, 5 Juni

Kitambaa. Vilivyopo kibandani vyote ni vya wateja. Kimebaki kile chako cha buluu, cha mapazia, ulichokileta mwezi mmoja kabla hujaanza kuumwa. Hakina ndani wala nje, pande zote zinang'aa. Nilikuuliza kitambaa cha namna hiyo cha nini. Ukasema upande mmoja tutazame sisi, upande wa pili majirani wapite wafe kijicho.

Sikuwahi kukifungua. Leo nimekifungua.

Miguu yako ilipovimba, nilikata kanda za ndara zako kwa mkasi huu huu. Ukacheka, ukasema hatimaye nimekutengenezea kitu kinachokutosha. Mkasi ulisita kidogo. Nikaulazimisha.

Alhamisi, 6 Juni

Aibu!

Saa kumi alasiri nilikwenda, kifurushi kwapani. Nilichagua saa hiyo kwa sababu mdogo wako hupita njia ile akitoka kazini. Angeniona, angesema, nami ningekana kwa unyenyekevu. Napinda kona, nani amechuchumaa mlangoni kwa Dereva? Fundi Viatu, na kifurushi chake. Nikanong'ona kumuuliza anafanya nini. Akanong'ona kwamba anatoa sadaka ya siri. Siri gani, nikasema, wakati alitangaza mbele ya mtaa mzima? Akasema alitangaza viatu, hakutangaza siku. Nikamwambia ajifiche, mimi niweke kwanza. Akasema nijifiche mimi, yeye ndiye aliyewahi. Tukasukumana. Mlango ukafunguka.

Dereva. Mtu wa miraba minne, shuka kiunoni, miwani puani. Nyuma yake, bandeji mkononi, mdogo wako! Kumbe kila Alhamisi ni zamu ya Dereva kusafishwa. Alikuwa ndani muda wote, ametusikia neno kwa neno.

Dereva akaingia chumbani kujaribu suruali. Alipotoka, mguu mzima ulikuwa umepotelea kwenye upande mpana, na ule mgonjwa umekwama chini ya goti katika upande mwembamba. Wake ni wa kushoto. Kiatu cha Fundi Viatu vivyo hivyo: kikubwa ni cha kulia. Hapo nikakumbuka lile dole gumba kwenye kioo. Dereva akauliza vipimo tulivitoa wapi. Tukakiri, televisheni ya Kinyozi, kila mtu akigeukia ukuta wake.

Mdogo wako alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akasema shemeji, dada alikuacha mapema mno. Dereva hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya shuka.

"Mafundi wangu," akasema, "miaka miwili nimekaa humu nangoja mtu aje anipime. Nanyi mmekwenda kupima televisheni."

Kisha naye akacheka, lakini maneno yalikuwa yameshanifika.

Nikapiga magoti, nikampima. Mguu ulikuwa wa moto na mzito. Aliniomba radhi kwa harufu. Nikamwambia harufu hiyo naijua, ilikuwa ya nyumbani kwangu. Fundi Viatu akalia tena. Taulo hakulileta, akatumia futi yangu.

Ijumaa, 7 Juni

Harusi kesho, kitambaa kimekwisha. Nilikaa nikiitazama suruali kama mtu aliyeitiwa hukumu. Ndipo ukaniokoa, Sindano. Hakina ndani wala nje! Nikafumua mifuko, zipu na mapindo, nikaigeuza suruali nzima, ndani ikawa nje. Mguu wa kulia ukawa wa kushoto. Nikapunguza na upana, maana kumbe nina kichwa kikubwa kuliko nilivyodhani.

Kiatu hakigeuziki. Fundi Viatu ameanza upya tangu soli. Nimepita barazani kwake mara tatu nikipiga mluzi. Mara ya nne nikamwachia kipande cha buluu nilichokata kwenye upana, atie bitana. Usinisifu. Nilitaka viatu vifanane na suruali, watu waulize fundi ni nani.

Jumapili, 9 Juni

Jana Dereva alivuka kizingiti. Alitembea polepole mpaka mahali pa harusi, akasimama kando ya binti yake. Binti alitazama suruali, akatazama viatu, akaushika mkono wa baba yake. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, mahali pa kuonekana. Nikatengeneza uso. Nikangoja.

Alipopewa nafasi ya kusema, Dereva hakumshukuru fundi yeyote. Alisema ameuliza kitambaa ni cha nani, akaambiwa. Akataja jina lako. Lile la kweli, ambalo hata mimi sikulitumia. Akasema anamwombea mama huyo aliyekuwa na jicho la kuchagua pazia, na watu wote wakaitika amina.

Amina ile ilinikuta sijajiandaa. Nililia, Sindano. Kwa sauti. Fundi Viatu akanipa taulo la Kinyozi; alikuwa ameliiba tangu ile Jumapili. Yeye pia hakutajwa, hiyo ni faraja.

Basi nimejifunza. Mtu hupimwa mwenyewe, si picha yake. Na anayetoa asingoje makofi. Nimeandika nisisahau.

Leo jioni Kinyozi ameonyesha makala nyingine. Bibi mmoja, mgongo umepinda, gauni linaning'inia mbele na kupanda nyuma. Watu wakalia. Fundi Viatu alikuwa anatazama miguu ya bibi kwa jicho baya. Kesho alfajiri, kabla hajaamka, nitakuwa kwa Kinyozi na futi yangu. Safari hii sikosei: nitapima televisheni na kwa nyuma pia, maana mgongo uko huko.

Unikumbuke huko uliko. Na wakiuliza aliyeshona, usingoje nigunduliwe. Nitaje tu.