Uzinduzi wa Mfumo wa Kumwagilia Maua ya Vyunguni, Mji wa Vrabchevo

(Hotuba ya Mheshimiwa Inginia Lyudmil Karastoyanov, Naibu Meya anayeshughulikia Ukijani wa Ndani, aliyoitoa Jumamosi ya mwisho ya Septemba katika Jumba la Utamaduni. Imenukuliwa na karani wa kikao, aliyeagizwa asiache neno lolote, la mtu yeyote.)

Mheshimiwa Meya, ambaye hayupo kwa sababu za kikazi na ametuma kofia yake ikalie kiti cha mbele kwa niaba yake, Waheshimiwa Madiwani wa kuchaguliwa na wa kuteuliwa, Padri Onufri, uliyetubarikia bomba asubuhi ya leo, Mkuu wa Zimamoto, Mama Mwenyekiti wa Kwaya ya Wastaafu, wajumbe wenzangu wa Kamati, wadau wote wa maua, wa majani mapana, wa majani membamba na wa miiba, ndugu wananchi mlioketi, mliosimama, na ninyi mlio karibu na meza ya banitsa, pai yetu ya jibini, ambao nawaomba mvute subira kwa kuwa banitsa ni kipengele cha tisa, itifaki imezingatiwa.

Ndugu wananchi, mnakumbuka Agosti ya miaka miwili iliyopita, pale nusu ya mji ilipokwenda baharini na nusu nyingine ikaenda vijijini kuchoma pilipili za kuweka akiba ya majira ya baridi, na maua yetu yakabaki peke yake madirishani, na mliporudi mkakuta vijiti. Ofisi yangu ilipokea barua sitini na moja za malalamiko na moja ya pongezi, ambayo baadaye ilibainika kuwa ilikosewa anwani. Kiongozi mwingine angewaambia, mwachieni jirani ufunguo. (Sauti ya mwanamke: "Ndivyo tulivyofanya siku zote.") Lakini jirani, mama yangu, si mfumo; jirani hana dira, hana dhima, hana mpango mkakati, na ukimwachia ufunguo atamwagilia ua kidogo na koo lake sana, kwa pombe yako ya rakia. (Kicheko. Watu kadhaa wanamgeukia Bwana Haralampi, mfamasia.)

Ndipo nilipounda Kamati ya Wataalamu Kumi na Mmoja ya Kuainisha Njia Bora ya Kumwagilia Maua ya Vyunguni, nikaiongoza mwenyewe kwa unyenyekevu ambao nimeusomea. Kamati ilikaa vikao thelathini na vinane, ikafanya upembuzi yakinifu, ikaandaa semina elekezi mbili na warsha moja ya kuwajengea wajumbe uwezo wa kuhudhuria semina, na hatimaye ikaenda ziara ya mafunzo ya siku kumi ufukweni ili kuchunguza kwa kina tabia ya maji. (Sauti: "Tuliwaona. Mlikuwa mmelala kwenye mchanga.") Uchunguzi mwingine, ndugu yangu, hufanyika macho yakiwa yamefumbwa.

Njia zilizochambuliwa zilikuwa nne. Kuna kumwagilia juu kwa jagi, kama walivyofanya bibi zetu, ambayo Kamati iliona haina hadhi ya karne hii. Kuna kutia maji kwenye kisahani ili mizizi ivute yenyewe kutoka chini, iliyotetewa na Bwana Haralampi Minchev, anayeamini kuwa kiumbe chochote kikiwekewa kisahani kitajipimia dozi. Kuna utambi, yaani uzi wa pamba ambao ncha moja iko ndani ya ndoo na nyingine ndani ya udongo, uliotetewa na Mwalimu Evdokia Mincheva wa fizikia. Na ipo ya nne, vipande vya barafu, niliyoibuni mimi, ambapo maji huyeyuka taratibu na kwa nidhamu, kama maendeleo yenyewe. Kura zikawa tano kwa kisahani, tano kwa utambi na moja kwa barafu, na tangu siku hiyo Bwana Haralampi na Mwalimu Evdokia hawasalimiani, ingawa wanaishi ghorofa moja na ni mume na mke. (Mwalimu Evdokia, akiwa ameketi: "Tunasalimiana. Vyungu tu ndivyo hatuvitaji." Bwana Haralampi, safu ya nyuma yake: "Utambi huoza." Mwalimu Evdokia: "Mmeona.")

Msidhani nawaambia habari za kusikia. Katika ofisi yangu kuna ua nililolimwagilia kwa barafu miaka minne mfululizo, kila Jumatatu saa tatu kamili, na halijawahi kudondosha hata jani moja. (Sauti: "Lile ni la plastiki.") Ni kweli kwamba ukaguzi wa mwezi Machi ulibaini hivyo, lakini naomba mwanakikao atambue kwamba ratiba haikuvunjwa.

Basi Juni mwaka huu tukawaalika mlete maua yenu humu ukumbini, Mfumo uyalee wakati wa kiangazi, nanyi kwa imani yenu mkaleta vyungu mia mbili na kumi na vinne: mushkato nyekundu za kibarazani, fikasi, kaktasi, hata ua la Padri lisilojulikana jina. (Watu wanatikisa vichwa, yaani, kwa desturi ya hapa, wanakubali.) Na leo mnaviona hapa pembeni vikiwa hai kwa asilimia tisini na saba nukta nne, takwimu ambayo miji mingine...

(Mzee mmoja anasimama safu ya tatu, akiegemea magongo mawili. Ni Mzee Pancho Dyakov, fundi wa reli mstaafu. Anasema: "Samahani, mheshimiwa. Mlimau wangu uko wapi?")

Mzee wangu, maswali yatakuwa mwishoni.

("Mwisho wa nani? Mimi nina miaka themanini na mmoja.")

Naomba basi swali liwe fupi.

("Fupi ndilo hilo. Marehemu mke wangu, Stoyna, aliupanda kwa mbegu ya limau alilokamulia kwenye chai, siku binti yetu alipohamia ng'ambo. Tukauweka kwenye kopo la jibini, ukakua, ukanifika hapa kifuani. Juni nilikuwa naenda kufanyiwa upasuaji wa nyonga, nikauleta kwenu, ukiwa na majani tele na limau moja. Juzi nimetoka hospitali, nimeuliza, naambiwa haumo kwenye orodha. Sasa nakuuliza wewe.")

Nashukuru kwa swali hilo zuri, ambalo lina majibu kwenye ripoti, ukurasa wa mia na kumi na mbili. Mlimau huo, Mzee wangu, ulipewa heshima ya kuwa chungu cha majaribio. Jumatatu uliwekewa kisahani, Jumanne ukatiwa utambi, Jumatano barafu, na kuanzia Alhamisi, kwa kuwa wajumbe walikuwa wameacha kuaminiana, ukapewa vyote vitatu kwa pamoja. Kufikia wiki ya pili ulikuwa umeonyesha mwitikio. (Mzee Pancho: "Mwitikio gani?") Uliachia majani. (Minong'ono.) Hata hivyo asilimia tatu ya majani ilibaki, ambayo ukiilinganisha na sifuri ni ongezeko lisilo na kifani. Kwa bahati mbaya ulikuwa unaharibu wastani wa mji, na Kamati ikaamua kwa kauli moja kuuondoa kwenye takwimu. Kwenye takwimu, Mzee wangu, si moyoni mwetu.

("Sikuuliza moyo. Niliuliza uko wapi." Mzee Pancho haketi. Bwana Haralampi anatazama sakafu. Mwalimu Evdokia naye anatazama sakafu ile ile.)

Ni kwamba kwa mujibu wa taratibu, kitu kikishaondolewa kwenye takwimu hukabidhiwa idara ya usafi kwa hatua zaidi, na idara ya usafi...

(Sauti kutoka mlangoni: "Uko kwangu, mzee. Usihangaike." Ni Bi Gergina, mfagiaji wa Jumba, ndoo mkononi.)

Bi Gergina, wewe humo kwenye ratiba.

("Najua. Waliniambia niutupe na taka, mzee. Nikaukwangua gome kwa ukucha, chini nikakuta bado kijani. Nikaona huu mtu anautupaje? Nikaumwaga ule udongo, ulikuwa unanuka kama dimbwi, nikakata mizizi iliyooza, nikaupa udongo mpya. Uko kwenye dirisha la ngazi, ghorofa ya pili. Lile limau lilidondoka, sikuweza kuliokoa.")

(Mzee Pancho: "Na unaumwagiliaje, binti?")

("Natia kidole kwenye udongo, mpaka kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, naumwagia juu kwa jagi, polepole, mpaka maji yatokeze chini. Nasubiri kidogo, yale ya kisahani nayamwaga. Kidole kikitoka na tope, nauacha.")

("Kila baada ya siku ngapi?")

("Sihesabu. Jua likiwa kali, siku mbili. Kukiwa na mawingu, hata wiki. Zile kaktasi hazinijui hata sura.")

Ndugu wananchi, mmejisikilizia wenyewe mafanikio ya Mfumo. Kidole alichokitaja Bi Gergina ni kidole cha mtumishi wa halmashauri, kimetumika saa za kazi, juu ya udongo uliomo katika jengo la umma. Kwa hiyo ni kidole chetu sote na kitaingizwa kwenye ripoti kama kifaa. Ni kweli kwamba Waraka Namba Saba unawakataza wafanyakazi wa usafi kugusa chungu chochote cha Mfumo, na nitamwandikia barua mbili, ya onyo na ya pongezi, zitoke siku moja ili asijisikie vibaya.

(Sauti ya mwanamke: "Na hivi vyungu vingine mia mbili, vilimwagiliwa na nani?")

Na Mfumo.

(Bi Gergina: "Kamati iliacha kuja wiki ya kwanza ya Julai, mama. Ningeviacha vife?")

(Sauti nyingi: "Fungua bomba, mheshimiwa. Tuone.")

Kufungua bomba ni kipengele cha saba, sisi bado tuko cha nne. (Sauti zinazidi. Mkuu wa Zimamoto anasema kwa upole: "Lifungue tu, Lyudmil.") Vyema. Kwa mamlaka niliyopewa, nalifungua. (Analizungusha bomba la shaba lililotokeza kwenye pazia la jukwaa. Halitoi hata tone. Analizungusha tena. Linamtoka mkononi.) Mnachokiona, ndugu wananchi, ni teknolojia ya kubana matumizi ya maji. (Mtu anavuta pazia. Nyuma yake kuna viti vilivyovunjika na piano isiyo na kifuniko. Hakuna mpira wa maji, hakuna tangi. Padri Onufri: "Sasa mimi asubuhi nilibariki nini?") Dhamira, Padri. Ulibariki dhamira.

(Mzee Pancho anauliza ngazi ziko wapi. Bi Gergina anamwambia ngazi ni nyingi na nyonga yake bado mbichi. Bwana Haralampi anasimama, anaelekea ngazini. Mwalimu Evdokia anamfuata. Wanarudi wamelishika kopo la jibini, mmoja kila upande. Mwalimu Evdokia anasema: "Inua upande wako." Bwana Haralampi anasema, akimwita jina lake la nyumbani: "Nimeinua, Dochke." Mlimau ni mfupi kuliko alivyousema mzee, umekatwa matawi, na una majani mapya. Mimi karani niliyahesabu nikapata kumi na saba. Mzee Pancho anaketi, anaegemeza magongo ukutani, anatia kidole kwenye udongo, anakiacha humo kwa muda. Bi Gergina anamuuliza: "Vipi?" Anajibu: "Bado una maji." Kisha anajipangusa uso kwa mkono ule ule, na udongo unambaki shavuni. Hakuna anayemwambia.)

Naona tumeguswa, nami pia nimeguswa kwa niaba ya halmashauri. Tuendelee. Katika awamu ya pili ya Mfumo, ifikapo mwaka ujao, kila dirisha la Vrabchevo... (Watu wanainuka, wanachukua vyungu vyao. Mama mmoja anamuuliza Bi Gergina kuhusu mushkato yake yenye majani ya njano, anaambiwa: "Unainywesha mno, mpenzi. Iache ione kiu.") Naomba walio mlangoni wasizibe njia. Naomba pia ile banitsa isiguswe kabla ya kipengele cha tisa. (Imeguswa.)

Basi kwa kuzingatia muda, nahitimisha kwa kaulimbiu, nanyi mnaitikia. Maji ni uhai. (Sauti moja: "Haya.") Ukijani ni wajibu. (Vyungu vinagongana mlangoni.) Vrabchevo mbele. (Mkuu wa Zimamoto: "Mbele, mbele. Nisogezee hiyo fikasi.")

Mwisho kabisa ni shukrani. Naishukuru Kamati, kwa kutochoka kupumzika. Namshukuru msanii aliyetuuzia bomba kutoka kwenye mapambo ya mchezo wa kuigiza. Nawashukuru wakandarasi, ambao tutawatafuta; wahandisi, ambao tutawaomba; na wafadhili, ambao barua yao ya kuombwa imeshaandikwa na inasubiri muhuri. Namshukuru Bi Gergina kwa kumwagilia vyungu mia mbili na kumi na vinne kiangazi chote, akiushikia nafasi Mfumo ambao, kwa taarifa rasmi na kwa uwazi tuliojiwekea, haujawahi kununuliwa, kufungwa wala kuwepo, lakini ambao kuanzia dakika hii nautangaza kuwa umezinduliwa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Atakayetoka wa mwisho azime taa.

(Aliyetoka wa mwisho ni yeye mwenyewe.)